Bakapu ikigoma kusakinika, msiilazimishe

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini alitupigia simu jioni. Mauzo yanaingia vizuri kwenye kompyuta, alisema, ila bakapu (nakala ya akiba ya data) haijafanyika tangu kijana wake apandishe toleo la kanzidata, yaani programu inayotunza data ya duka. Tulienda usiku uleule. Wenye maduka mnajua: minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakalipwa, mabati hayakai dukani. Seva, yaani kompyuta inayotunza data hiyo, ikifa kipindi hicho, daftari lote la madeni limekwenda.

Seva ilikuwa ya CentOS 7 (mfumo endeshi wa aina ya Linux), na MariaDB, ndiyo kanzidata yenyewe, ilishatolewa toleo la 5.5 na kuwekwa 10.3. Kijana alikuwa akisakinisha XtraBackup 2.4, programu ya kufanya bakapu. Programu hiyo inataka kifurushi cha perl-DBD-MySQL, nacho kinataka maktaba (faili la msimbo linalotumiwa na programu nyingine) iitwayo libmysqlclient.so.18. Yum, programu inayosakinisha vifurushi, ikaenda kuichukua kwenye kifurushi cha zamani cha mariadb-libs, ambacho mafaili yake yanagombea sehemu zilezile na mafaili ya MariaDB mpya. Usakinishaji ukakwama.

Hapa ndipo wengi huandika rpm --nodeps --force. Tunawaomba sana msifanye hivyo. Amri hiyo inanyamazisha malalamiko tu, na inaweza kuandika mafaili mengine juu ya mafaili ambayo kanzidata yenu inayategemea.

Maktaba yenyewe inapatikana kwa urahisi: imo kwenye kifurushi cha MariaDB-compat, kutoka hazina (ghala la vifurushi mtandaoni) ileile ya MariaDB. Tungekiweka, XtraBackup ingesakinika, tungelipwa tukaondoka. Lakini XtraBackup haisomi redo logi (kumbukumbu ya mabadiliko ya data) ya MariaDB 10.3 na kuendelea. Ingesakinika, halafu ingekataa kunakili. Kwa hiyo tuliachana nayo, tukaweka MariaDB-backup, programu ya bakapu ya MariaDB yenyewe, ya toleo lilelile la seva, na ugomvi wa vifurushi ukaisha.

Kazi iliyotuchukua muda ni jaribio. Tulinakili, tukaiandaa nakala kwa --prepare (watu huruka hatua hii, na ndiyo inayoifanya nakala iwe salama kurudishwa), kisha tukairudisha kwa --copy-back kwenye kompyuta nyingine yenye saraka (folda) tupu ya data. Tukakabidhi mafaili kwa mtumiaji mysql (akaunti inayoendesha kanzidata), tukawasha. Mama akavuta kiti, akafungua daftari lake la kaunta, akatafuta deni la fundi aliyechukua mabati mchana ule. Akapitisha kidole kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Zililingana.

Sasa bakapu inajiendesha kila usiku, na nakala moja inalala kwenye diski nyumbani kwake Mikindani. Kilichobaki ni kuhamisha seva yenyewe, kwani CentOS 7 iliacha kupata marekebisho tangu tarehe 30 Juni 2024.

Wateja wetu wenye seva kama hii, tuiteni kabla ya Oktoba. Andaeni kompyuta moja ya ziada na mtu anayejua hesabu za duka. Tutarudisha data mbele yake naye aikague mwenyewe.