Mafumbo ya jedwali: tuchapishieni na njia, si jibu peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie fumbo la pundamilia, lililochapishwa na jarida la Life International Desemba 1962, ambalo wengi humnasibishia Einstein bila ushahidi wowote. Nyumba ni 5, na kila moja ina rangi yake (nyekundu, kijani, ya pembe za ndovu, njano au buluu), mkazi wa taifa lake, kinywaji, sigara na mnyama; kwa kufuata madokezo, unatakiwa kumtafuta mwenye pundamilia. Mipangilio inayowezekana inazidi bilioni 24, hivyo kubahatisha hakufai kitu.

Kinachofaa ni jedwali na penseli. Tunaambiwa kuwa Mnorwe anaishi nyumba ya kwanza, jirani na nyumba ya buluu. Basi ya pili ndiyo ya buluu. Mwingereza yumo katika nyekundu, kwa hiyo ya kwanza si nyekundu. Na kwa kuwa nyumba ya kijani iko mara tu kulia kwa ile ya rangi ya pembe, ya kwanza haiwezi kuwa ya kijani, wala ya rangi ya pembe, maana nafasi ya pili imekwisha kushikwa na buluu. Inabaki njano, ingawa hakuna dokezo hata moja lililosema hivyo. Kwangu mimi utamu uko hapo, kuliko hata kumpata Mjapani mwenye pundamilia.

Ombi langu ni kwamba mnapochapisha mafumbo ya namna hii, msitupe jibu tupu lililogeuzwa juu chini pembeni mwa ukurasa. Tuonyesheni pia hatua mbili tatu za mwanzo, ili aliyekwama ajue alikwama wapi.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Morogoro