Kabla Hujamwandikisha Mtoto Abednego

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuhusu orodha za "majina ya Kiebrania na maana zake" zinazozunguka kwenye simu za wazazi hapa Dodoma. Nyingi zimechanganya Kiebrania, Kiyunani, Kibabeli na Kiyidi kwenye chungu kimoja, na jina lisilojulikana hubandikwa maana ya "baraka ya Mungu", basi.

Njia ya kupima ipo. Jina la Kiebrania linalomtaja Mungu hubeba "El", au kifupi cha Yehova: "Yo" mwanzoni, "ya" au "ia" mwishoni. Eliya ni "Mungu wangu ni Yehova". Yoeli ni "Yehova ni Mungu", vipande vilevile vimegeuzwa. Nathanaeli ni "Mungu ametoa", Zakaria "Yehova amekumbuka". Lakini sikio hudanganya. Raheli ni kondoo jike, Yaeli ni mbuzi wa milimani, na Abeli, ambaye Biblia yetu humwita Habili, ni pumzi au mvuke. "El" ya Kiebrania huanza na herufi alefu, nayo haimo katika majina hayo matatu. Lidia je? Hilo ni jina la nchi, limetujia kwa Kiyunani, sawa na Petro na Stefano.

Linalotusumbua zaidi ni Shadraka, Meshaki na Abednego. Soma Danieli 1:7: ni majina waliyopewa vijana wa Yuda na mkuu wa matowashi huko Babeli. Abednego ni "mtumishi wa Nego", na wasomi wengi humwona Nego kuwa ni Nebo, mungu wa Wababeli! Kijana yule aliyekataa kuisujudia sanamu, jina alilopewa kwao ni Azaria, "Yehova amesaidia". Wenzake ni Hanania, "Yehova ana neema", na Mishaeli. Aliyekwisha kubatizwa Abednego asihangaike, kwa Wakristo jina hilo limekuwa la ushujaa. Anayechagua leo ajue tu anachochagua. Ebenezeri nalo, "jiwe la msaada", lilikuwa jiwe kweli, alilosimamisha Samweli, si mtu.

Kiyidi ni habari nyingine. Ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, iliyokua kutoka Kijerumani cha kale na kuandikwa kwa herufi za Kiebrania, ndiyo maana orodha hukosea. Golda (dhahabu), Feige (ndege), Perl (lulu), Freyde (furaha) ni Kiyidi; ndege kwa Kiebrania ni Sipora, mke wa Musa. Wanaume mara nyingi walipewa jina la Kiebrania na la Kiyidi pamoja: Dov Ber ni dubu mara mbili, Aryeh Leib simba mara mbili. Yehuda Leib limetoka Mwanzo 49, Yakobo alipomwita Yuda mwana-simba. Mtoto mgonjwa aliweza kuongezewa Chaim, "uhai", au kuitwa Alter, "mzee", ili azeeke. Jambo moja litawashangaza wengi wetu: Wayahudi hao hawampi mtoto jina la babu aliye hai, husubiri mpaka afariki. Wale wenye asili ya Hispania humrithisha jina babu angali hai, kama ilivyo kwa familia nyingi za hapa.

Tahajia sasa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, hufuata tangazo la kizazi, ile fomu inayojazwa hospitalini mtoto anapozaliwa. Mama akitamka "Eliya", muuguzi akaandika Elia, kanisa Elijah na shule Eliah, mtoto huyo atakuja kula kiapo kwa wakili siku anapotaka kitambulisho cha taifa au nafasi ya chuo. Wazazi waamue mapema: Yoshua au Joshua, Samweli au Samwel. Waliandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, wampe muuguzi, kisha walisome tangazo herufi kwa herufi kabla ya kutoka wodini.

Walimu wa Agano la Kale,
Makole, Dodoma