Mdogo wangu, nitumie vipimo vya wanao

Mdogo wangu,

Assalaamu alaykum. Nimeanza mimi, maana chuoni tulisomeshwa pamoja kwamba si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayetangulia kutoa salamu. Sisi si siku tatu tena. Tumepitisha Idi tatu, na hii inayokuja ni ya nne.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu yangu hupokei, na ujumbe wa mwisho ulitiwa tiki mbili za buluu ukaishia hapo. Wifi kaniambia kuwa ninachoandika hapa unakisoma. Basi soma na hiki.

Unakumbuka usiku wa kuandama mwezi pale nyumbani, Barabara ya 12? Ngamiani nzima watoto wanapiga kelele kuwa umeonekana, takbira zimeanza msikitini, na mama hata mlangoni hatoki kutazama. Yuko uani, kakunja miguu juu ya mkeka, gunia la mchele mbele yake na kile kibaba cha bati kilichobonyea ubavuni. Vibaba vinne, pishi moja, kichwa kimoja. Anatutaja kwa majina huku anapima. Mwaka aliozaliwa mziwanda wetu, mtoto hajafikisha hata siku saba, wewe ukauliza kama na huyo ambaye hata mchele hali anatolewa fitri. Mama akakujibu, "Huyu naye ni kichwa." Akapima vibaba vyake vinne, akavimwaga taratibu kuliko vyetu sote.

Na nguo ndivyo zilivyokuwa. Kitambaa kimoja, kinakatwa chote kwa ajili yetu sisi wanne, na cherehani ya miguu inalia hadi daku. Tulikuwa tunaona haya kuvaa sare kama watoto wa kwaya. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikamwelewa. Hakutaka mtu atutazame barabarani akajua nani anapendwa zaidi.

Sasa nieleze, wewe uliyelelewa hivyo, ilikuwaje siku ile.

Ulifika asubuhi, watu wanatoka kuswali. Tulifurahi, Mungu ni shahidi. Nilikuwa nimekesha na pilau, kaimati nimezitia shira, wanangu wamechungulia barabarani tangu alfajiri. Ukafungua begi. Kanzu na magauni ya kitambaa kimoja, kama ya mama, nami moyoni nikasema, huyu hajasahau. Wanao watatu walikuwa wamekwishavaa za kwao. Ukawapa wangu watatu, ukawapa wawili wa ndugu yetu wa kati. Begi likafungwa. Nane. Na watoto uani walikuwa tisa.

Wa tisa, mtoto wa mziwanda wetu, alisimama pale na shati lake la mwaka juzi, mikono kaifutika nyuma, akakuuliza taratibu, "Mjomba, na mie?"

Ukasema umesahau. Haya, mtu husahau. Ningelikubali hilo, ningelimpeleka sokoni mwenyewe nikamnunulia, yakaisha. Lakini ukawapanga wale wanane ukutani uwapige picha, na yeye alipojisogeza pembeni mwa wenzake, kwa sababu ni mtoto na anajua picha ni ya watoto wote, ukamwambia, "Sogea kidogo, picha ikae sawa."

Akasogea.

Picha uliiweka kwenye simu watu wote wakaiona. Ninayo hadi leo. Ukingoni upande wa kushoto unaonekana mkono wake, kuanzia kiwiko kushuka chini, na kipande cha lile shati. Mwaka wa pili huu, kila nikiifungua macho yangu yanakwenda kwenye mkono ule.

Najua ulikuwa na hasira na mama yake kwa lile shamba la machungwa la Muheza. Aligoma kutia saini liuzwe. Sawa, una haki ya kuudhika. Fungu lake kwenye mirathi ni nusu ya lako, Qur'ani imesema, hakuna anayebisha. Ila nusu nayo ni fungu. Na aliyemwogesha mama miezi ile yote, akamgeuza kitandani usiku, si mimi wala si wewe. Hasira za shamba zingeishia kwa wakubwa. Mtoto ana mchungwa gani?

Ndiyo maana nakwambia, ndugu yangu, sikukuu si siku ya kulipizana. Mtu akija na kinyongo chake akiache stendi. Mwenzio akikosa kitu, mpe kabla hajaomba. Mziwanda wetu hana mume wa kumsemea, hana kazi ya mshahara, ametubakiza sisi tu. Wewe ni kaka yake, na kwa mwanawe wewe ni mjomba.

Utasema, na wewe dada je? Najua utasema. Ndiyo, nguo za wanangu nilizivua jioni ile ile, nikazikunja, na kesho yake nikampa kondakta wa basi la Dar akuletee, bila hata kikaratasi. Wanangu walilia. Wifi aliponipigia nikamtolea maneno ambayo hayakuwa yake. Lakini ulitaka nifanye nini? Tangu mama atutoke, anayebaki na nyumba hii ni mimi, anayeulizwa na majirani ni mimi, na usiku ule aliyelala na yule mtoto kitanda kimoja, akaniuliza kama kafanya kosa gani, ni mimi. Wewe ulikuwa umekwishaondoka. Watu wanatusifia Tanga kwa waja leo waondoka leo. Siku ile msemo huo ulinichoma, maana hata pilau yangu uliiacha kwenye sinia.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Ulipomwambia asogee, nilikuwa nimesimama mlangoni na lile sinia mikononi, nikasikia kila neno. Sikusema kitu. Niliogopa kuharibu Idi. Zile nguo nilizirudisha kwa hasira zako, lakini na kwa hasira zangu mwenyewe, kwa kuwa sikumvuta mtoto nikamweka katikati ya wenzake. Ningeliweza. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale.

Huulizi, lakini hajambo. Amerefuka, anasoma juzuu ya pili, na akisikia basi linapiga honi bado anatoka nje. Mama yake hajui kama nakuandikia. Juzi tu, tunamenya mihogo ya futari, alitaja jina lako kwa uzuri, akakumbuka ulivyokuwa unambeba mgongoni kwenda Raskazone kuoga baharini.

Cherehani ya mama nimeitia mafuta, mkanda nimebadili. Nimenunua kitambaa, cha buluu, kinatosha tisa. Sita ninao karibu, nimewapima. Yule wa kwako wa kike lazima atakuwa amenipita begani, na wale wavulana siwezi kukisia. Mabega, kifua, urefu wa mkono, na kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu. Mpe wifi awapime leo, kumi la mwisho ndilo hili limeingia, na mimi nashona baada ya tarawehe tu.

Dada yako.