Dada, maji yalikuwa kifuani tu

Dada,

Tangu mrudi Ujerumani nimekutumia ujumbe wa sauti mara tatu, na zote umezisikiliza. Zile alama mbili za buluu nazijua. Salamu zako nazipata kwa Mama, tena za juu juu: "Mwambie huyo mdogo wangu namsalimu." Basi nakuandikia hapa ninapowaandikia watu habari za bahari, maana najua huwa unapitia hata ukiwa umenuna. Wasomaji wangu waniwie radhi, leo kuna maneno ya nyumbani.

La kheri kwanza. Fedha ulizoacha za macho ya Mama zimetosha. Jicho la kulia limefunguliwa wiki jana, na jambo la kwanza aliloona, au alilosema ameliona, ni kwamba nimekonda.

Sasa ile siku.

Watu wanavyoisimulia, na wanaisimulia sana kwa sababu uliisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, mimi nilimchukua mwanao wa miaka sita nikamtosa kilindini. Kilindi gani? Ile ni Watamu yetu, hapa pwani ya Kenya, yale majabali yaliyoliwa chini na mawimbi mpaka yakawa kama uyoga. Maji yakipwa, mtu anavuka kwa miguu. Tumevuka wewe na mimi mara ngapi na ndoo zetu? Na samaki wa pale hawana woga na mtu, kwa kuwa tangu 1968 ni hifadhi, hakuna anayewatupia nyavu. Unakumbuka Baba alivyokuwa akilalamika kwamba samaki wote wenye akili wamehamia huko.

Tena sikumpeleka kichwa kichwa. Siku tatu nzima nilimfundisha kwenye karai la buluu la kufulia, uani kwa Mama. Siku ya kwanza alitia uso majini akautoa mbio, akasema pua inakunywa. Siku ya pili nikampima miwani ya kutazamia chini ya maji, na hili naomba kila mwenye mtoto alishike: ibandike usoni bila mkanda, mtoto avute pumzi kwa pua, kisha uachie mkono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni ya kwake. Ikidondoka, hata kama umeinunua kwa bei ya mbuzi, itaingiza maji. Ile uliyokuja nayo, ya kufunika uso mzima, ilikuwa ya kichwa cha mtu mzima. Kila nikimvalisha inamteleza kidevuni, na ile pumzi mtu anayoitoa ikibaki humo ndani anaivuta tena yeye mwenyewe. Nikaiweka kando. Ukaona nimekudharau. Siku ya tatu akapuliza mrija wa kupumulia majini kwa nguvu, maji yakamrukia Mama pale alipokuwa akichambua mchele, na Mama akacheka akishika mbavu. Ulikuwepo. Picha umepiga wewe.

Siku yenyewe nilimvalisha fulana ya mikono mirefu, kwa sababu uso ukiwa majini mgongo unaungua na mwenyewe hana habari. Boya nililomfunga ni lile lenye kamba ya kupita katikati ya miguu, lisimpande shingoni. Viatu vya mpira pia, kwa ajili ya ile miiba mirefu myeusi. Wewe usiniulize miiba inafanyaje, Ramadhani ile ulilala siku mbili mguu umepakwa utomvu wa papai. Nikatema mate kwenye kioo cha miwani, nikasuuza, kisifanye ukungu. Hapo nako ulikunja uso. Dada, mate ya mjomba hayajawahi kuua mtu.

Na laiti ungemwona! Alinishika kidole gumba, hakukiachia. Walipita samaki kitatange wa manjano, wawili wawili kama kawaida yao. Akapita samaki pono, na ukinyamaza majini unamsikia kabisa akitafuna, kra, kra. Tulipoinua vichwa nikamwambia mchanga huu mweupe anaojengea majumba, mwingine umetoka tumboni mwa yule pono, anakula tumbawe anakunya mchanga. Akarudi chini akicheka ndani ya mrija, sauti ikatoka kama ya punda. Nikamfundisha asiguse wala asikanyage chochote. Nikamsimulia yale aliyotusimulia Baba, jinsi mwaka 1998 maji yalivyopata joto na matumbawe yakageuka meupe kama mifupa, na mengi hayakurudi. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mjomba, sasa imepona?" Nikamwambia, "Mengine."

Kila alipoanza kubadilika rangi ya midomo nilimtoa, maana mtoto hupata baridi hata kwenye maji yaliyo kama chai. Tulikaa juani kwenye lile fungu la mchanga, tukala mahamri aliyotufungia Mama, tukarudi. Mara mbili tulipumzika hivyo. Sasa hao ni watu wanaozama?

Maji nayajua. Siku ile ilikuwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi ulikuwa umekamilika jana yake. Bamvua za kwetu maji hupwa mishale ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Hayaji kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanatambaa, ya pili yanatembea, ya tatu na ya nne yanakimbia. Siku ile mwisho wa kupwa ulikuwa saa nne na nusu. Tuliingia saa tano kasorobo. Tulitoka saa sita na nusu. Pale tulipovukia maji yakiwa magotini, sasa yalikuwa kifuani. Kifuani kwangu, na mimi si mrefu. Nikampandisha mtoto mabegani, nikawa nakuja polepole. Miguu yangu ilikuwa juu ya mchanga mwanzo mpaka mwisho, dada. Hilo ndilo nililotaka liandikwe mahali.

Nikakuona umesimama ukingoni, ndara zangu umezikumbatia kifuani. Nikakupungia. Wewe ukageuka, ukamwita yule kijana wa ngalawa, sikusikia mlipatana bei gani, nikaona tu chombo kinanijia. Mtoto alikuwa akiimba. Yule kijana akamshika kwapani akamng'oa mabegani mwangu kama gunia la mkaa, miwani ikadondoka majini, ndipo mtoto akaanza kulia. Alikuwa akililia miwani. Wewe ulipomsikia analia ukajua la kujua. Nilipofika nchi kavu, watalii wamesimama na simu zao, mmoja akimpigia makofi mtu wa ngalawa, ukanitupia ndara miguuni ukasema, "Ulitaka kuniulia mtoto."

Kuniulia. Mimi niliyembeba siku yake ya tatu duniani, alipoletwa kwa Mama na wewe una homa huwezi kusimama. Ungesema nimechelewa, ningenyamaza. Ungenizaba kofi, wewe ni mkubwa wangu, ningelipokea. Lakini lile neno umelisema mbele ya watu ninaowapeleka baharini na watoto wao, na ndiyo kazi yangu, ndiyo inayonilisha.

Tena haukutosheka. Shemeji amenipigia kuniuliza kwa upole wake ule wa Kijerumani kama ni kweli siku ile nilikuwa nimetafuna miraa. Mimi sijatia jani mdomoni tangu 2019, na unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyenililia niache. Ulimwambia hivyo kwa nini? Ulitaka pawe na sababu?

Usiku wa jana nilikuwa nimeanza kukuandikia maneno mengine, makali kuliko haya. Nikakumbuka Baba akinifundisha kuogelea. Nilikuwa na miaka saba. Alinipeleka mlangoni pa mkondo, akaniachia, akarudi nyuma hatua moja, nikamfuata, akarudi nyingine. Na wewe ulikuwa umesimama mchangani umeshika shati langu na suruali yangu, kwa sababu mtoto wa kike aliambiwa akae ashike nguo. Kila Ijumaa ulishika nguo. Sijawahi kukuuliza ulikuwa ukiona nini kutoka pale. Mtu asiyejua kuogelea, akitazama kutoka nchi kavu, kichwa kilicho juu ya maji na kichwa kinachozama pengine vinafanana.

Ila hata hivyo, dada, umri wote huo! Huko uliko mabwawa yana mpaka mwalimu na maji ya moto. Miaka kumi na mbili. Mwanao anakwenda kila Jumamosi, na wewe unakaa kwenye benchi na taulo lake.

Haya, na lililobaki nilitoe, maana Mama ameniambia barua isiyo na ukweli wote ni bora nimtumie bili ya umeme. Tulipotoka mara ya pili kupumzika, lile fungu la mchanga lilikuwa limebaki upana wa mkeka. Nililiona. Nimekulia pale, nikiona fungu limekuwa mkeka najua ni saa ngapi bila saa. Nikafunga mkoba wa mahamri ili turudi kwako. Ndipo mtoto akasema, "Mjomba, kasa!" Alikuwa pale chini ya jabali, kobe mkubwa wa bahari, anakula majani taratibu kama mbuzi asiye na mchungaji. Nikamwambia mtoto twende mara moja tu. Tukakaa juu yake, kwa mbali, mpaka akapanda kuvuta pumzi, kichwa chake kikatokeza karibu na chetu, akatutazama, akashuka. Tukangoja apande tena.

Alipanda mara nne. Kila mara niliyatazama maji kwanza.

Miwani niliipata kesho yake maji yalipopwa, imekwama kwenye mwamba, kioo hakina hata mkwaruzo. Nimeitundika kwa Mama, msumari wa jikoni. Mkija tena, njooni mwezi mwandamo ukiwa na siku saba au nane, maji mafu, hayaji kwa wingi wala hayaendi kwa wingi.

Jumapili nitapiga simu saa mbili usiku za huku. Kama wewe hutaki kupokea, mpe mtoto apokee.

Mdogo wako.