Usiuze masega kwanza

Tabata, Dar es Salaam

Kaka Juma,

Habari za siku nyingi? Huku wazima, mama anakusalimu. Salehe kaniambia fundi wako wa Gerezani amekushawishi utoe masega ya gari, lile kopo la kwenye bomba la moshi linalosafisha moshi, eti injini haivuti, na mnunuzi keshapatikana. Nakuomba sana, subiri kwanza.

Haya ndiyo mambo yangu ya maabara, nivumilie. Ndani ya lile kopo kuna kigae chenye vitundu vingi, kimepakwa alumina (oksaidi ya alumini), na juu yake zimetapakaa chembe za metali za platinamu, paladiamu na rodiamu, upana wake nanometa chache tu, yaani sehemu chache za bilioni ya mita. Ni ndogo hivyo ili atomi nyingi zikae nje, maana kazi yote iko usoni. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi wa gari, ikipita inanasa kwenye platinamu. Oksijeni ikitua hapohapo inapasuka kuwa atomi mojamoja. Atomi hiyo ikikutana na kaboni monoksaidi, inatoka kaboni dayoksaidi. Gerhard Ertl wa Ujerumani alipewa Nobel ya kemia mwaka 2007 kwa kuchunguza mambo ya namna hii, na hadi leo yananistaajabisha.

Injini ikiwa ya baridi, kaboni monoksaidi inajazana usoni kama abiria kwenye mlango wa mwendokasi, oksijeni inakosa pa kutua. Mpaka joto lifike kama nyuzi 250 za Selsiasi hivi ndipo kaboni monoksaidi inaanza kubanduka na kazi kwenda. Kwa hiyo hata hayo masega yakiwa mazima, asubuhi usiliache gari linaunguruma chini ya dirisha la watoto. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inashika chuma cha damu yetu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Sasa hilo la kutovuta. Plagi ikiwa mbovu, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega. Joto likizidi, zile chembe zinaungana, uso unapungua, na kigae chenyewe kinaweza kuyeyuka kikaziba. Ukitoa masega, plagi mbovu unabaki nayo, na sumu unawamwagia bodaboda na mama ntilie wa foleni ya Buguruni. Hilo ndilo linaloniuma, kaka.

Plagi ulibadilisha lini? Taa ya injini inawaka? Linachoka mlimani tu au hata tambarare? Mnunuzi kaletwa na fundi yuleyule? Na kifua cha Mwajuma kinaendeleaje? Nije Jumamosi tulifungue pamoja? Nijibu kabla hujalipeleka gereji.

Nduguyo,
Idrisa