Anayejifunza kupiga picha aanzie nyumbani

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita iliwashauri wanaotaka kujifunza kupiga picha wadunduize fedha za kamera nzuri, kisha wasafiri kutafuta mandhari. Sina ugomvi na safari. Ila mimi namuuguza mama mkwe, siwezi kukaa mbali na nyumba, na yote niyajuayo kuhusu picha nimejifunza humu humu ndani, kwa simu.

Nyumbani mambo hujirudia, na hiyo ndiyo faida ambayo mwandishi wenu hakuigusa. Machweo ya mlimani yakikupita, yamekupita. Mama mkwe akitunga uzi kwenye sindano leo, keshokutwa atatunga tena, kiti kilekile, dirisha lilelile. Picha ikitoka na ukungu, nabadilisha kitu kimoja tu na kungoja nione tofauti.

Kwa njia hiyo niligundua kuwa adui yangu ni taa ya dari. Mwanga wa balbu yetu una umanjano, wa dirishani una ubuluu, na vikikutana usoni mwa mtu hakuna rangi ya ngozi inayotoka sawasawa. Siku hizi nazima taa. Dirisha likiwa nyuma ya mama mkwe, uso unakuwa mweusi tii. Likiwa ubavuni, kila mkunjo wa kidole unaonekana. Akisogea hatua chache tu ndani ya chumba, mwanga hupungua kuliko macho yanavyodhani, simu nayo hurefusha muda wa kuupokea, na mkono unaotembeza sindano unatoka umefifia. Bibi aliyetulia nampata vizuri simu ikipokea mwanga kwa sekunde 1/60. Mjukuu wake anayekimbia anataka 1/500, tena nje, nami niwe nimepiga magoti, la sivyo naambulia utosi.

Wala hili si jipya. Picha kongwe zaidi ya kamera iliyosalia, ya Mfaransa Nicéphore Niépce, ilipigwa karibu mwaka 1827 kutoka dirisha la ghorofani la nyumba yake. Julia Margaret Cameron wa Uingereza alipewa kamera na bintiye mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Akaligeuza banda la kuku kuwa studio, na watumishi wake wa nyumbani wakawa miongoni mwa watu aliowapiga picha. (Kuku sijui walihamia wapi.)

Kuna gumu moja ambalo mandhari hayana: mlima hauombwi ruhusa. Asubuhi moja nilinyanyua simu, mama mkwe akanizuia: “Mwanangu, ngoja kwanza nijiweke sawa. Mimi si gunia.” Tangu hapo nauliza, namwonyesha picha, na asiyoitaka naifuta mbele yake. Watoto wakiwa bafuni sipigi kabisa, na picha ya mgonjwa haiendi kwenye kundi la ukoo bila yeye kukubali. Makala kama yenu ingefaa kuanzia hapo, kabla ya bei za lenzi.

Nina ombi. Tengeni kona ndogo ya picha za wasomaji zilizopigwa ndani ya nyumba zao, kwa kamera yoyote, hata simu yenye kioo kilichopasuka. Sharti liwe moja: aliyepigwa awe ameridhia. Mama mkwe ameshanichagulia ya kuwatumia, ingawa mimi ningechagua nyingine.

Msomaji wenu,
Mkaza Mwana