Paa za asbestosi: Jumapili tunaandika barua

Jameni majirani, hizi paa tusizizoee. Sheria za taka za Kenya za 2006 zinahesabu asbestosi (zile nyuzi za madini zilizochanganywa kwa shiti za simenti) kama taka hatari na bado tunalala chini yake na watoto. Tafadhali fundi asipande kutoboa wala kuvunja, vumbi likiingia kwa mapafu linakaa hata miaka 20, 30 ndio ugonjwa unatokea, kazi hiyo iachiwe wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira.

Na nyinyi mliokata hizo shiti kazini, ama mlikuwa mnawafulia wazee ovaroli zenye vumbi, mkienda kliniki na kifua mwambieni daktari hiyo historia, asifikirie TB peke yake. Asiye na wa kumpeleka aniandikie pembeni, tutamsindikiza.

Jumapili saa tisa mje na picha za paa zilizopasuka, barua inaenda kaunti.